Nyumba Iliyomezwa na Ofisi

Yudith alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwao milimani, kule ambako asubuhi ukungu hulala juu ya migomba mpaka jua lipate nguvu, ndugu zake walimtania kwamba huyu akiona nzi mmoja kwenye mboga, basi nyumba nzima italala njaa. Mama yake, mke wa katekista wa Kianglikana, hakumtania. Alisema mtoto mwenye kinyaa ana macho, na mwenye macho atapata kazi.

Kazi aliipata, chini Kilosa mjini, mtaa wa Magomeni, kwenye kampuni ya Evarist iliyonunua mahindi na alizeti na kuwauzia wakulima mbegu na dawa za wadudu. Ofisi ilikuwa ndani ya nyumba ya kuishi. Nyumba yenyewe aliijenga marehemu Mzee Ditram, baba yake Evarist, enzi alipokuwa mfanyakazi wa reli: tofali za kuchoma, bati zito, vyumba sita na ukumbi katikati, jiko la nje uani. Alipofariki, mjane wake Bibi Filomena alibaki humo peke yake. Evarist akarudi kutoka Morogoro, mke na watoto akiwaacha huko, akamwomba mama yake chumba kimoja tu, kile kinachotazama barabara.

"Kwa muda mfupi, mama. Biashara ikisimama, natafuta fremu yangu ya duka."

Biashara ilisimama. Fremu haikutafutwa. Chumba cha mbele kikawa duka la mbegu, kisha sebule ikawa ya wahasibu. Makochi ya Bibi Filomena yalipandishwa juu ya gari, yakaenda nyumbani kwa Evarist huko Morogoro. Bibi alisimama barazani akiyaangalia yanavyofungwa kamba, akasema kwamba ni vizuri, wajukuu watapata pa kukalia.

Yudith alipoajiriwa, mambo yalikuwa yamefika hapo. Aliandikwa kazi ya ukatibu, lakini haukupita muda mrefu Evarist akagundua kwamba huyu dada ana jicho la kupanga. Akiingia chumbani anajua meza gani igeuzwe, kabati gani lisimame wapi, mlango gani ufunguke kwa nje ili watu wawili zaidi wakae. Kila mara kampuni ilipoongeza mtu, Evarist alikuja mezani kwake, akagonga kwa kidole chenye pete, akasema, "Dada Yudith, tutafutie nafasi."

Na Yudith alitafuta. Aliona fahari, hilo si la kuficha. Walipotaka kufungua tawi Mikumi, kando ya barabara kuu ambako malori hayalali, mwenye jengo alitaka kodi ya kutisha kwa kijichumba kimoja. Evarist akarudi akicheka. "Nikapange kwa watu wakati nyumba yetu ina vyumba?" Mawakala waliotakiwa kukaa Mikumi wakarudishwa Magomeni, na Yudith akawapatia nafasi kwenye chumba alicholala marehemu Mzee Ditram. Bibi akahamia chumba cha wageni. Baadaye chumba cha wageni kikawa ofisi ya mkurugenzi, kwa sababu kina dirisha kubwa na upepo wa mwembeni. Bibi akahamia chumba cha nyuma kabisa, kilichogawanywa katikati kwa plaiwudi: upande mmoja magunia ya sampuli na viroba vya dawa, upande wa pili kitanda chake.

"Mama mwenyewe amependa," Evarist alisema. "Anadai nyumba kubwa inampa upweke."

Yudith aliamini. Ni rahisi kuamini kitu ambacho kinakusifu.

Lakini pua haidanganyiki. Nyumba ikaanza kunuka. Ukiingia kwa mlango wa mbele ulikutana na harufu ya mbegu na karatasi, harufu nzuri tu. Ukipita ukumbini ilikufikia ile ya choo, maana choo cha ndani sasa kilitumiwa na watu kumi na kitu na maji ya bomba yalikuja yakipenda. Mbele zaidi ilikuwa harufu ya panya waliofia nyuma ya makabati. Na mwisho wa ukumbi, penye mlango wa chumba cha nyuma, kulikuwa na harufu mbili zilizoshikana kama ulimi na mate: dawa ya wadudu, na mkojo.

Mkojo ulitoka kwenye ndoo ya Bibi Filomena. Miguu yake ilikuwa imevimba, choo cha ndani kilikuwa na foleni ya wafanyakazi na wateja, naye aliona haya kusimama kwenye foleni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hiyo alitumia ndoo. Doto, binti wa mapokezi ambaye pia alifagia, ndiye aliyeimwaga, na alipoipitisha ukumbini wahasibu waliziba pua kwa karatasi za hesabu na kuguna.

"Jamani, hii ni ofisi au wodi?" mmoja wao alisema siku moja kwa sauti.

Yudith alikuwa ameziba pua pia. Aliishusha mikono yake polepole, maana alimwona Bibi amesimama kwenye mlango wa nyuma, ameshika fremu, amesikia.

"Shikamoo bibi," Yudith alisema.

"Marahaba mjukuu wangu. Samahanini kwa harufu."

Kichefuchefu alichokipata Yudith mchana ule hakikutokana na ndoo. Alikaa mezani kwake mate yakimjaa mdomoni, akiwatazama wenzake wanavyorudi kwenye simu zao, huyu akichokoa meno kwa kifuniko cha kalamu, yule akila mihogo ya kukaanga juu ya risiti za wakulima, mafuta yakichora duara kwenye majina ya watu. Akaona kwamba amekaa katikati ya uchafu ambao hauondoki kwa fagio.

Wiki iliyofuata Evarist alikuja kugonga meza. Kampuni ilikuwa imepata kazi ya kusambaza mbegu mpaka vijiji vya Ulaya na Masanze, na watu watatu wapya walikuwa njiani.

"Dada Yudith, kile chumba cha nyuma. Tukitoa plaiwudi, meza tatu zinaingia?"

"Na Bibi, bosi?"

"Jiko la nje. Siku hizi tunapikia gesi, lile jiko limekaa bure. Tunapaka chokaa, tunaweka mlango, mama anakuwa na nyumba yake mwenyewe. Faragha. Kapime uniambie."

Alilisema neno lile faragha kama anayetoa zawadi. Jiko lile Yudith alilijua. Lilikuwa na mafiga matatu, kuta nyeusi kwa masizi yaliyoganda kama lami, na kuku wa jirani walikuwa wamelifanya choo chao. Hata hivyo alichukua tepu ya fundi akaenda nyuma. Ndivyo mtu anavyokuwa akizoea kutumwa. Miguu hutangulia, akili hufuata.

Hakuwa ameingia chumbani kwa Bibi tangu kilipogawanywa. Alipiga hodi, akakaribishwa, na joto likampiga usoni kama pumzi ya mnyama. Dirisha lilikuwa moja tu, nalo lilibaki upande wa magunia. Plaiwudi haikufika juu, hivyo unga mweupe wa dawa ulikuwa umevuka kwa hewa ukatua kwenye chandarua, kwenye sanamu ndogo ya Bikira Maria, kwenye sahani ya ugali iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Godoro la sponji lilikuwa limebonyea katikati na kugeuka rangi ya chai. Juu ya shuka kulikuwa na mavi ya panya, mapya, kama punje za mtama mweusi. Bibi aliyapangusa kwa kiganja, bila haraka, kama mtu anayempangusia mgeni kiti.

"Karibu ukae, mjukuu wangu."

Yudith hakuweza kukaa. Alisema ametumwa kupima chumba.

Uso wa Bibi ulifunguka. "Evarist anataka kuniletea kitanda? Nilimwambia hiki kinaniumiza mgongo. Lete, nikushikie."

Akanyoosha mkono, akashika ncha ya tepu, akaibana ukutani kwa kidole gumba kilichopinda kwa baridi yabisi. Aliishika vizuri sana. Yudith alirudi kinyumenyume akiivuta, mpaka kwenye plaiwudi, akasoma namba ambayo hakuiona. Bibi akauliza kama imetosha, au asogee.

"Imetosha, bibi."

Alitoka kwa mlango wa uani, akafika kwenye mpapai, akatapika. Alitapika chai na chapati ya asubuhi, halafu maji machungu, halafu hewa tupu. Doto alimletea maji ya kusukutua akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni mimba.

"Ni sisi," Yudith alimjibu, na Doto hakuelewa.

Hakumpelekea Evarist vipimo. Alisema tepu imekatika. Lilikuwa jibu la uoga na alilijua, lakini lilimnunulia muda, na muda huo ndio ulioleta wazee wa Ulaya.

Walikuja siku ya mnada, wanaume watano wenye kofia na kanzu zilizotiwa vumbi la barabara, wakiongozwa na Mzee Kibwana. Huyu alikuwa mkulima mkubwa wa mahindi kule tambarare, mtu ambaye neno lake lilisikika msikitini na gulioni. Evarist alimhitaji kama gari linavyohitaji mafuta. Kibwana akiuza kwako, nusu ya kata inauza kwako. Wakakaribishwa ofisi ya mkurugenzi, chumba chenye zulia na sofa za ngozi bandia na meza pana kama kitanda, ambamo siku nyingi za mwezi hamkuwa na mtu kwa sababu mwenyewe yuko Morogoro au Mikumi. Yudith akaitwa kuandika makubaliano. Soda zikaletwa. Mazungumzo yakaenda vizuri, bei ikakubaliwa, mikono ikapeanwa.

Mzee Kibwana akaweka chupa yake chini. "Sasa kabla hatujaondoka, tumsalimie shemeji yetu. Ditram alikuwa ndugu yangu. Mwaka ule mto Mkondoa ulipofurika, watoto wangu walilala nyumba hii, wakala ubwabwa wa mikono ya Filomena. Yuko wapi?"

Evarist hakupepesa. "Mama nimempeleka Mikumi, mzee. Apumzike. Kule hewa nzuri, nimempangia nyumba."

"Mashallah," mmoja wa wazee alisema. "Huyo ndiye mtoto."

Yudith alikuwa ameinama juu ya karatasi. Alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, kilekile cha mpapaini, na akajua kwamba safari hii akikimeza hatakitoa tena maisha yake yote. Akaweka kalamu chini.

"Bibi yupo," alisema. "Yupo humu ndani. Njooni niwapeleke."

Evarist alicheka kicheko kifupi. "Dada Yudith amechanganya..."

"Sijachanganya, bosi."

Alisimama akatoka, na nyuma yake akasikia kanzu zikichakarika. Walipita ukumbini, mbele ya wahasibu waliosahau kutafuna, wakafika mwisho. Yudith alipiga hodi akasukuma mlango.

Mzee Kibwana alipoingia mkono wake uliruka wenyewe ukaziba pua. Halafu akamwona Bibi Filomena ameketi ukingoni mwa godoro, ndoo miguuni pake, anahangaika kujitanda kanga. Akaushusha mkono ule. Akavuta pumzi ile yote kifuani, bila kukunja uso.

"Shemeji Filomena. Habari za siku nyingi."

"Kibwana! Ni wewe?" Bibi alianza kulia na kucheka. "Usiingie, baba, hapa pachafu. Evarist anajenga, ndiyo maana unaona hivi. Ni kwa muda mfupi."

Alimtetea. Hata pale, harufu ile ikiwa imemganda nguoni, alimtetea. Mzee Kibwana alichuchumaa mbele yake, wakaulizana hali za watoto na za miguu, kama watu walioketi barazani. Wazee wengine walibaki mlangoni. Mmoja aligusa plaiwudi, akautazama unga mweupe kwenye kidole chake, akaunusa, akamtazama Evarist aliyekuwa amesimama mbali ukumbini na simu mkononi, anajifanya anasoma ujumbe.

Kibwana alipotoka hakupaza sauti. Alifika mbele ya Evarist, akatema mate sakafuni, karibu na kiatu kilichong'arishwa.

"Mahindi yangu hayalali kwenye nyumba hii," alisema. "Panya wamepewa kitanda kimoja na mama yako. Nitawaambia watu nini, kwamba nimekuuzia wewe chakula?"

Wakaondoka. Kabla jua halijazama habari ilikuwa imefika Ulaya, na kesho yake ilikuwa Masanze. Mawakala walipiga simu kwamba wakulima wanafunga milango.

Evarist alimwita Yudith akafunga mlango. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ulikuwa umeshazivua, bosi. Mimi nilifungua mlango tu."

Alingoja kufukuzwa. Badala yake Evarist alikaa kwenye sofa, akajifuta shingo, akauliza swali ambalo lilimtia Yudith karaha kuliko tusi lolote. Hakuuliza mama yake anaendeleaje. Aliuliza, "Sasa tufanyeje ili wakulima warudi? Tutafutie nafasi."

Basi Yudith akamtafutia. Alifanya kwa ajili ya Bibi, na hakuweka huruma. Chumba hiki chenye sofa, alisema, hiki ndicho cha mama yako, leo. Meza yako inahamia kona ya chumba cha mawakala. Mawakala wako vijijini siku nyingi, hawahitaji kila mtu meza yake, wawili watapokezana moja. Mafaili ya miaka iliyopita yanapanda juu kwenye shelfu za ukutani mpaka darini, maana kuta zetu zote ni tupu kutoka kichwani kwenda juu. Dawa na sampuli zinakwenda ghalani, ambako zilipaswa kuwa tangu mwanzo. Chumba cha nyuma, plaiwudi ikitolewa na dirisha likifunguliwa, kinachukua wale watatu wapya. Choo cha ndani ni cha Bibi na wageni. Wafanyakazi tunachimbiwa chetu uani.

Evarist alihesabu kwa vidole. "Watu wote wanaenea?"

"Wanaenea. Walikuwa wanaenea tangu zamani."

Walisafisha siku mbili. Nyuma ya makabati walitoa mapangaboi mabovu, viti vya miguu mitatu, kompyuta zilizokufa, kalenda, maboksi ya vipeperushi vilivyoliwa na mchwa. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kabati la mkurugenzi, vitoto vya pinki visivyo na manyoya, juu ya kitanda cha karatasi zilizotafunwa. Doto alipiga yowe. Yudith, mtu wa kinyaa, aliwazoa kwa koleo akawatoa nje, na hakuhisi chochote. Alipogeuza godoro la Bibi, upande wa chini ulikuwa na ukungu wa kijani na funza wadogo kwenye mshono. Walilichoma uani. Moshi wake ulikuwa mweusi, mzito, ukanuka mtaa mzima, na majirani wakatoka kuangalia.

Bibi Filomena alipoingizwa kwenye chumba cha dirisha kubwa alisimama katikati ya zulia, akauliza kama avue kandambili.

Siku iliyofuata Evarist alikuja na kijana mpiga picha. Bibi alivishwa kitenge kipya chenye karatasi ya dukani bado imebandikwa mgongoni. Evarist akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu iliyovimba, akatazama kamera. Picha ikarushwa kwenye magrupu yote ya WhatsApp, ya wafanyabiashara, ya parokia, ya waliosoma pamoja: *Nimempisha mama ofisi yangu. Mama kwanza, biashara baadaye.* Mioyo myekundu ikamiminika. Padri aliitaja Jumapili. Mwezi haukuisha wakulima wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwa maana mahindi hayangoji na mvua zilikuwa zinanyemelea. Mzee Kibwana hakurudi. Wengine walirudi.

Yudith aliiona picha ile akiwa mezani, na mate yakamjaa tena mdomoni.

Jioni Bibi alimwita aikuze picha kwenye simu aione vizuri. Aliitazama muda mrefu, akipitisha kidole juu ya kichwa cha mwanawe.

"Unaona? Watu walikuwa wananisema kwamba nimezaa jiwe. Ana moyo wa baba yake huyu. Alikuwa na mambo mengi tu."

Yudith alitazama uso ule, ulivyonawa, ulivyopumzika, akaona kwamba ukweli alionao utamwondolea mwanamke huyu kitu cha mwisho alichobakiwa nacho. Evarist alikuwa ameiba hata hilo: huwezi kumchukia mbele ya mama yake bila kumwumiza mama.

"Ndiyo, bibi," alisema. Maneno mawili, na ulimi wake ukawa kama umelamba ile plaiwudi.

Aliomba kuhamishiwa Mikumi. Evarist aliidhinisha haraka, kwa furaha ya mtu anayetolewa mwiba. Kule Yudith alikaa peke yake kwenye kile kijichumba cha kando ya barabara, ambacho sasa Evarist alikubali kukilipia, akiuza mbegu, malori yakitikisa kioo cha dirisha.

Mwaka huu wafanyabiashara wa wilaya walikutana Mikumi, kwenye ukumbi wa nyumba moja ya wageni, wafundishane namna ya kukuza biashara bila kujenga wala kukodi jengo jipya. Evarist alipewa kipaza sauti. Aliwaeleza kuhusu shelfu zinazopanda ukutani, kuhusu meza moja kwa watu wawili, kuhusu kutupa mabovu. Aliyasema vizuri, kila neno mahali pake. Kisha akashusha sauti.

"Lakini ndugu zangu, nafasi ya kwanza ya kutafuta ni ya mama. Mimi siku moja niliamka, nikajiuliza, mimi nakaa kwenye sofa, mama yangu je?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mama mmoja karibu na Yudith alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akamgusa bega. "Si ndiye bosi wako? Una bahati."

Yudith alisimama, akapita kati ya viti, akatoka nje. Alitema mate kwenye changarawe, akatema tena, na ladha haikwisha. Ndani makofi yaliendelea. Alitoa simu akampigia Doto, Magomeni.

"Bibi amekula?"

"Amekula. Ugali na mlenda, na samaki kidogo. Yuko dirishani. Anauliza utakuja lini."

"Mwambie Jumamosi," Yudith alisema. "Nami nalala hukohuko, chumbani kwake."